Tenke hupima jiwe kabla ya kulipasua. Taya la mtu nalo lipimwe

Katika Tenke, hakuna shimo kubwa la mgodi linalofunguliwa kwa kubahatisha. Kabla ya baruti ya kwanza kulipuka, mashine za kutoboa hushuka chini ya ardhi na kutoa vipande virefu vya mwamba. Vipande hivyo hupangwa ndani ya masanduku, hupewa namba na kupelekwa maabara. Mwishowe wajuzi wa mawe hukaa mbele ya kompyuta na kuuona mlima mzima kwa pande tatu: urefu, upana na kina. Hapo wanajua shaba na kobalti zinaanzia mita ngapi, zinaishia wapi, na ni wapi udongo unaweza kuporomoka.

Kazi hiyo ilidai miaka mingi. Kampuni ya SMTF ilikuwa ikichunguza vilima vya Tenke na Fungurume mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikasimamisha kazi mwaka 1976, na shaba ya kwanza ya Tenke Fungurume Mining ilitoka mwaka 2009. Hakuna aliyesema kwamba kupima ilikuwa anasa. Kila mtu alielewa: anayechimba bila kupima hupoteza feza, na pengine hupoteza watu.

Lakini mtu wa eneo hilo hilo akiumwa na gego la juu, mara nyingi mambo huenda kwa njia nyingine. Anafungua mdomo, anachomwa sindano ya ganzi, jino linang'olewa, anarudi nyumbani na pamba mdomoni. Juu ya jino lile, pengine kwa milimita moja au mbili tu, kulikuwa na chumba cha hewa ndani ya mfupa wa uso. Hakuna aliyekitazama. Hakuna aliyepima.

Leo kuna mashine inayoweza kupima chumba hicho, skana ya meno ya pande tatu. Wengi watasema ni kitu cha matajiri wa Kinshasa, cha Afrika Kusini au cha Ulaya. Sivyo. Jimbo la Lualaba, linalotoa kobalti nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, lina haki na lina njia ya kuwapatia wakaaji wake kipimo hicho katika hospitali ya umma. Na kabla mashine haijafika, kuna mambo yanayoweza kuanza kesho asubuhi bila kutoa hata franka moja.

Chumba kilicho juu ya magego

Uso wa mtu si mfupa mtupu. Ndani yake kuna vyumba vya hewa ambavyo waganga huviita sinusi. Viko jozi nne: kwenye paji la uso, kati ya macho, nyuma ya pua, na ndani ya mashavu. Kile cha shavu ndicho kikubwa kuliko vyote. Kwa mtu mzima kinaweza kubeba hewa ya kiasi cha kijiko kikubwa cha supu, na hufunguka puani kupitia tundu dogo lililo juu, si chini. Kwa hiyo uchafu ukiingia humo, kutoka kwake si rahisi.

Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego ya juu. Kwa watu wengine kuna mfupa mnene kati ya mzizi na chumba. Kwa wengine mfupa ni mwembamba kama ganda la yai. Kwa wengine ncha ya mzizi imeingia kabisa chumbani, ikifunikwa na ngozi laini tu. Kwa kutazama shavu kwa nje, au kwa kuangalia jino ndani ya mdomo, hakuna mganga anayeweza kujua mgonjwa wake ni wa kundi lipi.

Jambo hili si jipya. Leonardo da Vinci alichora chumba hicho mwaka 1489 baada ya kupasua fuvu. Mwaka 1651 mganga Mwingereza Nathaniel Highmore alikieleza katika kitabu chake, na kwa muda mrefu chumba hicho kiliitwa kwa jina lake. Alisimulia habari za mama mmoja aliyeng'olewa jino la juu, tundu likabaki wazi. Mama yule alipoingiza unyoya wa ndege katika tundu, ukapanda wote, akashikwa na hofu akidhani umefika kwenye ubongo. Ulikuwa umeingia ndani ya sinusi.

Zaidi ya miaka 370 imepita. Tundu la namna hiyo bado linatokea, na bado linawatia watu hofu.

"Mama, hii ni vumbi"

Tuseme mama mmoja anauza unga sokoni Tenke. Aling'olewa gego la juu miezi mitatu iliyopita. Sasa upande mmoja wa pua unatoa usaha wenye harufu mbaya. Shavu linamuuma anapoinama kuokota gunia. Akinywa maji, mara nyingine yanatokea puani. Anaenda kituo cha afya, na jibu analopewa ni fupi: "Mama, hii ni vumbi." Anapewa dawa za kuua vijidudu kwa siku saba. Zinamtuliza kwa wiki mbili, kisha ugonjwa unarudi. Anapewa tena. Mwisho jirani anamwambia kuna mtu anamwendea kwa uchawi.

Jibu la vumbi si la kijinga. Barabara ya kutoka Likasi kwenda Kolwezi hupitiwa usiku na mchana na malori yanayobeba asidi, salfa na shaba. Wakati wa kiangazi nyumba na majani hubadilika rangi kwa vumbi, na pua za watu zinateseka kweli. Lakini kwa kuwa vumbi liko kila mahali, limekuwa jibu la kila kitu, na ugonjwa wenye chanzo kingine hujificha nyuma yake.

Ugonjwa wa sinusi ya shavu unaweza kutoka kwenye jino. Vitabu vya zamani vilisema ni mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi. Tangu skana ianze kutumiwa, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba idadi ni kubwa zaidi, na baadhi zimefikia hata 4 kati ya 10. Jino lililooza hadi mzizini, kipande cha mzizi kilichosukumwa juu wakati wa kung'oa, au tundu ambalo halikujifunga: yote hayo yanaweza kuchafua sinusi. Na ikiwa chanzo ni jino, dawa za pua na vidonge peke yake hazitamaliza. Lazima jino lishughulikiwe au tundu lizibwe.

Tundu dogo, lisilozidi milimita mbili hivi, mara nyingi hujifunga lenyewe mgonjwa akifuata mashauri: asipenge kwa nguvu, asivute kitu kwa mrija, asivute tumbaku. Tundu kubwa zaidi linahitaji kushonwa mapema. Likiachwa wiki na wiki, hugeuka kuwa njia ya kudumu kati ya mdomo na pua, na kulifunga kunadai upasuaji mkubwa zaidi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uko ndani ya kinywa cha mtu.

Mashine inafanya nini

Radiografia ya kawaida ya meno ni picha bapa. Inaonyesha urefu na upana, lakini haina kina. Mizizi iliyo mbele na iliyo nyuma hulaliana, na mzizi unaweza kuonekana umeingia ndani ya sinusi kumbe umepita pembeni yake. Kwa kazi nyingi picha hiyo inatosha. Kwa kazi nyingine inadanganya.

Skana ya meno ya pande tatu ilianza kujulikana mwaka 1998, wakati watafiti wa Verona, Italia, walipochapisha habari za mashine yao ya kwanza. Wajapani walifuata mwaka 1999 na yao. Mgonjwa husimama au hukaa, mashine huzunguka kichwa chake mara moja kwa sekunde chache, ikitoa mionzi yenye umbo la koni na kupiga picha mamia. Kisha kompyuta huziunganisha na kujenga taya lote kwa vijipande vidogo, mara nyingi vya sehemu moja hadi nne za kumi za milimita. Mganga anaweza kulikata taya hilo kwenye kioo cha kompyuta mahali popote anapotaka, na kupima bila kumgusa mgonjwa.

Anapima nini? Kwanza, mfupa uliobaki kati ya ufizi na sakafu ya sinusi ni milimita ngapi. Pili, unene wa ngozi laini ya ndani, ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa karibu milimita moja, na ambayo ikivimba sana juu ya jino fulani hutaja jina la mkosaji. Tatu, kama tundu la juu la kutolea uchafu liko wazi au limeziba. Nne, kama kuna kuta ndogo za mfupa zinazogawa chumba. Kuta hizo zilielezwa na Mwingereza Arthur Underwood mwaka 1910, na tafiti za baadaye zimezikuta kwa karibu robo hadi theluthi ya sinusi. Tano, mshipa wa damu unaopita ukutani mwa chumba, ambao ukikatwa bila kutazamiwa humwaga damu nyingi.

Vipimo hivyo hubadilisha uamuzi. Mtu anayetaka kuwekewa jino la bandia la kupandikizwa akiwa na mfupa wa milimita kumi, anaweza kupandikizwa moja kwa moja. Akiwa na milimita tatu, lazima kwanza sakafu ya sinusi iinuliwe na mfupa uongezwe. Na mtu aliyeng'olewa magego zamani huwa na mfupa mdogo zaidi, kwa sababu jino likitoka, sinusi hushuka polepole kuchukua nafasi na mfupa wa taya nao hupungua. Kwa hiyo hata kipimo cha mwaka 2015 hakiwezi kumtumikia mtu yule yule leo.

Neno "mionzi" katika nchi ya Shinkolobwe

Watu wa Katanga ya zamani wana sababu ya kuogopa neno mionzi. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Mtu akiambiwa kichwa chake kitapigwa mionzi, haki yake ni kuuliza: kiasi gani?

Jibu lipo. Kwa wastani, kila mtu duniani hupata mionzi ya asili, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, ya mikrosiveti 2 400 hivi kwa mwaka. Skana ya meno hutoa kuanzia makumi ya mikrosiveti hadi mia kadhaa, kulingana na mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Skana kubwa ya kichwa ya hospitali inaweza kupita hapo mara nyingi. Picha bapa ya taya lote, kwa upande wake, iko chini kabisa.

Maana yake ni kwamba kipimo si sumu, lakini pia si picha ya harusi. Mwongozo wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2012 unasema wazi kwamba skana hii isipigwe kwa mazoea. Lazima mganga kwanza amtazame mgonjwa, aulize historia yake, na awe na swali ambalo picha ndogo haiwezi kulijibu. Kwa watoto uangalifu uwe mara mbili. Nchini Kongo, sheria ya mwaka 2002 kuhusu ulinzi dhidi ya mionzi ilianzisha CNPRI, kamati ya taifa yenye kazi ya kusimamia mashine kama hizi. Popote skana itakapowekwa, karatasi ya ukaguzi wa kamati hiyo ibandikwe mlangoni ambapo kila mgonjwa anaweza kuisoma.

Hoja ya wapinzani

Kuna hoja nzito dhidi ya haya yote. Watoto wanakufa kwa malaria. Wanawake wanazalia njiani. Kipindupindu na surua hurudi kila mara. Wengine watauliza ni nani mwenye akili atakayenunua mashine ya kupima mashimo ya uso wakati kituo cha afya hakina hata kitanda.

Hoja hiyo inastahili jibu la kweli. Ndiyo, malaria itangulie. Ndiyo, uzazi utangulie. Na hata ndani ya mambo ya meno, mashine hii si ya kwanza kwenye foleni. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilionyesha katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kanda ya Afrika ina waganga wa meno karibu 3 kwa kila watu 100 000, wakati wastani wa dunia ni karibu 33. Mashine bila mganga wa kuisoma ni sanduku tu. Tenke haihitaji skana ya pande tatu kabla ya kuwa na mganga wa meno anayefika kila wiki na radiografia ndogo ya jino moja.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili unaosahauliwa. Ripoti ile ile ya OMS ilihesabu watu wapatao bilioni 3,5 duniani wenye magonjwa ya kinywa. Ni magonjwa yanayowapata watu wengi kuliko mengine yote, na ndiyo yanayowekwa mwisho kila mwaka, kwa sababu hayaui haraka. Mtu mwenye usaha ndani ya shavu hafi leo. Anakosa kazi, hali vizuri, halali, anatumia feza za karo kwa vidonge visivyomfaa, na vijidudu vinazoea dawa. Mara chache, usaha huo hupanda kwenye jicho au kwenye ubongo, na hapo huua kweli. Ikiwa ugonjwa utangoja hadi malaria iishe, utangoja milele.

Na hapa si swali la kuchagua kati ya chandarua na skana. Feza haziko katika mfuko mmoja.

Feza ziko wapi

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimu mwajiri kutoa matunzo ya uganga, pamoja na ya meno, kwa mfanyakazi na jamaa yake. Kwa hiyo mwenye mkataba na kampuni kubwa ana mlango wa kugonga. Mchimbaji wa mikono hana. Muuza unga hana. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa hana mlango anaoweza kuugonga kwa nguvu. Ndani ya nyumba moja Tenke, kaka anaweza kutibiwa jino kwa karatasi ya kampuni huku ndugu yake wa tumbo moja anang'olewa chini ya mwembe.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 ilitaka kupunguza pengo hilo. Kampuni lazima itenge angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi. Mbali na hizo, kuna mrabaha, ambao kwa kobalti ni asilimia 10 tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati. Katika kila dola 100 za mrabaha, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mamlaka za mahali, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo.

Skana ya meno huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, bei inayokaribiana na ya jipu moja au mawili mapya ya kazi. Kwa familia ya Tenke ni ndoto. Kwa mfuko unaohesabu asilimia 0,3 ya mauzo ya mgodi wa TFM au ya mwingine wa aina hiyo, ni mstari mmoja katika ukurasa mrefu. Kinachokosekana ni mtu wa kuuandika mstari huo, na wakaaji wa kuuliza kwa nini haujaandikwa.

Umeme nao usiwe kisingizio. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako juu ya mto Lualaba, katika jimbo hili hili, na yamekuwa yakilisha migodi kwa miaka mingi. Hospitali ya umma inayolala gizani kwa delestaji ndani ya jimbo kama hilo ni aibu ya mpangilio, si ya maji. Mashine ikinunuliwa, betri na sahani za jua zinunuliwe siku moja nayo.

Nani anapima, na kwa faida ya nani

Kuna jambo lingine ambalo halifai kunyamaziwa. Katika nchi hii, vichwa vya watu vimewahi kupimwa. Mwezi wa 12 mwaka 1884, watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga katika nchi ya Watabwa, magharibi mwa ziwa Tanganyika. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likasafirishwa hadi Ubelgiji. Mwaka 1886 mganga Émile Houzé alichapisha Brussels vipimo vya mafuvu yaliyotoka huko, kwa lengo la kuwapanga watu kwa mafungu ya rangi na thamani. Vipimo hivyo havikumponya Mkongomani hata mmoja.

Kwa hiyo mtu akisema leo "tupime nyuso za watu wa Lualaba", swali la kwanza la mkaaji ni halali: kwa nini? Na jibu lazima liwe tofauti kabisa na lile la 1886. Vipimo vinavyotumiwa na waganga duniani vimetoka zaidi kwa watu wa Ulaya, Asia na Marekani. Mwaka 2004 mtafiti Fernandes wa Afrika Kusini alilinganisha sinusi za mafuvu ya Wazulu na za mafuvu ya watu wenye asili ya Ulaya, akakuta ukubwa wa wastani unatofautiana, na za wanaume zinatofautiana na za wanawake. Hilo halisemi nani bora. Linasema kwamba mganga anayefuata wastani wa kitabu kilichoandikwa mbali anaweza kukosea milimita mbili, na milimita mbili juu ya gego ni tofauti kati ya jino lililotoka salama na tundu lililofunguka.

Jimbo hili limekwisha kuonja faida ya kipimo kilichofanywa na watu wake wenyewe. Mwaka 2018, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa hapa na wa Ubelgiji walichapisha utafiti wao juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambapo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima vumbi na mkojo, na wakakuta kobalti nyingi zaidi, hasa kwa watoto, kuliko katika mtaa waliolinganisha nao. Kabla ya hapo, kilio cha Kasulo kilikuwa malalamiko. Baada ya hapo kikawa ushahidi.

Vivyo hivyo kwa sinusi. Picha zilizopigwa kwa sababu ya matibabu zinaweza, kwa ruhusa ya mgonjwa na bila jina lake, kukusanywa na kupimwa na vyuo vikuu vya Kongo. Miaka mitano ya kazi hiyo ingewapa waganga wa hapa jedwali lao wenyewe. Ingeweza pia kuonyesha kama sinusi za wachimbaji na za wakaaji wa kandokando ya barabara zimevimba kuliko za watu wa mbali na migodi. Hapo neno "vumbi" lisingekuwa jibu la kumfukuza mama wa unga; lingekuwa namba ya kuweka mezani mbele ya kampuni na gavana. Sheria ya mambo ya dijitali ya mwaka 2023 inalinda habari za mtu binafsi, na picha ya uso wa mtu ni miongoni mwa hizo. Zibaki nchini, na mwenye uso apewe nakala yake.

Mambo yanayoweza kufanyika

La kwanza halina gharama. Kila muuguzi katika eneo la afya la Fungurume, akimpokea mgonjwa anayetoa usaha wenye harufu kwa tundu moja la pua, aulize: "Kuna jino la juu linalouma upande huo? Kuna lililong'olewa?" Kisha amwambie afungue mdomo na atazame. Swali hilo peke yake lingewatoa wagonjwa wengi katika mzunguko wa vidonge.

La pili ni la gharama ndogo. Wanaong'oa meno wafundishwe kutambua tundu siku ile ile linapotokea, kulishona au kumtuma mgonjwa mbele na karatasi, badala ya kumwambia "itapona". Radiografia ndogo ya jino iwe karibu nao.

La tatu ni mashine yenyewe. Tenke iko kati ya Kolwezi na Likasi, na si lazima kila mji uwe na yake. Moja ndani ya hospitali ya umma Kolwezi, kama Mwangeji, yenye bei iliyobandikwa ukutani na mtu aliyefundishwa kuiendesha, ingetumikia jimbo zima. Picha zinaweza kutumwa kwa intaneti na kusomwa na mjuzi aliye Lubumbashi au Kinshasa siku hiyo hiyo. Serikali ya jimbo nayo itangaze orodha ya vituo vyote, vya umma na vya binafsi, vyenye mashine kama hiyo, na bei zake, ili mgonjwa asipande basi kwa kubahatisha.

La nne linawahusu wakaaji. Siku kamati za maendeleo zitakapokutana kupanga matumizi ya ile asilimia 0,3, pamoja na madaraja, visima na madarasa, mtu asimame aulize juu ya meno. Hakuna atakayemcheka akikumbusha kwamba kila mtu ndani ya chumba kile ana taya.

Treni zimepita Tenke kwa miaka mingi, nyingine zikielekea Kamina, nyingine Kolwezi na kuendelea hadi bahari ya Angola. Siku hizi wakubwa wa dunia wanataja reli hiyo katika mikutano, kwa sababu ya kobalti inayoingia ndani ya betri za magari na simu. Kila gunia linalopakiwa limepimwa uzito, limepimwa ubora, na lina karatasi yake. Mtu aliyelipakia anastahili angalau hivyo: kabla chuma hakijaingia mdomoni mwake, mwingine awe amejua kuna milimita ngapi juu ya jino lake.